TWIGA WALIPANDA NDEGE, SHERIA IKABAKI UWANJANI

Leo nataka tuongelee jambo ambalo wengi tunalisikia redioni likipita kama upepo: eti "mataifa yameahidi kushirikiana kupambana na ujangili." Kila mkutano mkubwa ukiisha ni hivyo hivyo. Viongozi wanapeana mikono, wanapiga picha ya pamoja, wanapanda ndege kurudi makwao. Sisi huku tunabaki tunajiuliza, hivi huo ushirikiano ni kitu gani hasa? Nani anamkamata nani? Na mbona dagaa ndio wanaojaa jela wakati mapapa wanapeta?

Mimi si mwanasheria, nimeishia kidato cha nne. Lakini kesi ninazozileta hapa zilisikilizwa hadharani, na ukizipanga moja baada ya nyingine zinajieleza zenyewe. Nisiwachoshe, twende kazi.

NDEGE YA JESHI PALE KIA

Tuanze na kesi ambayo kila Mtanzania anaikumbuka. Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100 pamoja na ndege wa porini, wakiwemo twiga 4, walipakiwa kwenye ndege ya jeshi la Qatar pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na kuondoka. Twiga jamani! Siyo kinyonga kwamba utamficha kwenye begi la nguo. Mnyama ambaye ni nembo ya taifa, shingo peke yake inazidi urefu wa mtu mzima, anapita getini, anapita kwa wakaguzi, anapanda ndege, na ndege inapaa.

Kelele zikapigwa bungeni, magazeti yakaandika, watu wakakamatwa. Mtuhumiwa mkuu alikuwa raia wa Pakistani, Kamran Ahmed. Akapewa dhamana, akaruka dhamana. Desemba 2014 mahakama pale Moshi ikamhukumu jela miaka 60 huku yeye mwenyewe hayupo. Watanzania watatu walioshtakiwa pamoja naye wakaachiwa huru. Yaani miaka minne baada ya tukio, hukumu inasomwa, twiga hawapo nyumbani na mwenye hukumu hayupo kizimbani.

Wengi tulicheka kwa uchungu. Miaka 60 kwa kiti kitupu! Ila tukimaliza kucheka tujiulize swali la maana: kulikuwa na sheria gani ya kimataifa ambayo ingewabana waliowapokea wale twiga kule walikotua?

Hapo ndipo utashangaa. Na ili unielewe inabidi kwanza tuongelee CITES.

CITES NI MDUDU GANI?

CITES ni mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ulisainiwa Washington mwezi Machi 1973 na ukaanza kufanya kazi Julai 1975. Nchi zaidi ya 180 ni wanachama. Tanzania imo, Kenya imo, China imo, Qatar nayo imo tangu 2001.

Unavyofanya kazi ni rahisi kama daftari la mkopo la duka la Mangi. Kuna orodha tatu. Orodha ya Kwanza ni wale walio hatarini kabisa, hao biashara ya kimataifa ni marufuku isipokuwa kwa sababu maalum. Orodha ya Pili wanaruhusiwa ila kwa kibali cha nchi wanakotoka. Orodha ya Tatu ni wale ambao nchi moja imeomba wenzake waisaidie kuwalinda. Mzigo ukifika bandarini au uwanja wa ndege, mtu wa forodha anaangalia: huyu mnyama yumo kwenye orodha? Kibali kiko wapi? Hakuna kibali, mzigo unazuiwa.

Sasa sikia. Ule mwaka 2010 twiga hakuwemo kwenye orodha hata moja. Nasema tena, hakuwemo. Twiga aliingizwa Orodha ya Pili kwenye mkutano wa Geneva, Agosti 2019, miaka karibu tisa baada ya wale wanne kupaa. Kwa hiyo siku ile ndege ilipotua Qatar, mkataba ule haukumdai mtu wa forodha wa kule hata karatasi moja kuhusu twiga. Kosa lilikuwa kosa kwa sheria zetu sisi, na sheria zetu zinaishia pale uzio wa uwanja unapoishia.

Na kuna chumvi ya kuongeza kwenye kidonda. Pale Geneva, Kenya na nchi kama Chad, Niger, Mali na Senegal ndizo zilizopeleka ombi la kumlinda twiga. Nchi 106 zikapiga kura ya ndiyo, 21 zikakataa. Tanzania ilisimama upande wa kupinga! Hoja ya wakubwa wetu ilikuwa kwamba twiga wetu ni wengi na wanaongezeka, hasa Serengeti, kwa hiyo hakuna haja ya kuwawekea masharti. Hoja ina kichwa na miguu, sibishi. Nchi iliyotunza vizuri haitaki kuadhibiwa kwa uzembe wa jirani. Lakini mtu aliyewahi kuibiwa mbuzi halafu anapinga jirani wasiweke mlinzi mtaani, na yeye tumuulize vizuri.

Kuna wenzetu wanaamini mkataba ukishasainiwa basi dunia nzima inamlinda mnyama wako. Haiko hivyo. Dunia inamlinda yule aliyeandikwa kwenye orodha, basi.

MOMBASA HADI DAR

Tuje kwenye kesi ya pili, hii inatuhusu sisi na majirani.

Juni 2014 polisi wa Kenya walivamia yadi ya magari mjini Mombasa wakakuta meno ya tembo zaidi ya tani 2. Mfanyabiashara Feisal Ali Mohamed akawa anatafutwa, na hakuonekana. Interpol wakatoa hati nyekundu.

Hapa nitoe ufafanuzi maana filamu zimetudanganya. Interpol haina makomando wa kushuka na helikopta. Makao yake makuu ni Lyon, Ufaransa, na kazi yake kubwa ni kupitisha taarifa kati ya polisi wa nchi na nchi. Hati nyekundu maana yake ni "huyu anatafutwa, mkimwona mshikeni mtuambie." Anayevaa viatu na kwenda kugonga mlango ni polisi wa nchi husika. Kama hao hawataki, hati inabaki karatasi.

Safari hii walitaka. Desemba 2014 Feisal alikamatwa Dar es Salaam na akarudishwa Kenya. Tangu uvamizi hadi kukamatwa, miezi kama sita tu. Huo ndio ushirikiano tunaoutaka. Julai 2016 mahakama ya Mombasa ikamhukumu jela miaka 20 na faini ya shilingi za Kenya milioni 20. Dunia nzima ikashangilia. Papa kanaswa!

Agosti 2018 Mahakama Kuu ikafuta hukumu hiyo kwenye rufaa. Jaji aliona ushahidi uliotolewa hautoshi kumtia hatiani, na Feisal akatoka. Kisheria ni mtu asiye na hatia, na mimi naheshimu hilo. Mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa sababu magazeti yamemchukia.

Lakini kwetu sisi tunaochambua kuna somo. Nchi mbili zilishirikiana vizuri kumpata mtu. Kilichokosekana ni ushahidi wa kusimama hadi mwisho. Kumkamata mtuhumiwa ni nusu ya safari, tena nusu ile yenye kamera na waandishi. Nusu nyingine ni makaratasi: nani alishika kielelezo saa ngapi, kikakaa stoo gani, nani ana ufunguo, shahidi yuko nchi gani na nani anamlipia nauli. Hiyo nusu haina kamera, na ndiyo inayoamua nani analala nyumbani.

Ukanda wetu huu una chombo chake kabisa kwa kazi hii. Mkataba wa Lusaka ulisainiwa 1994 na ukaanza kutumika 1996, na kikosi kazi chake kilianza 1999 makao yake yakiwa Nairobi. Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia wamo. Maafisa wa nchi tofauti wanakaa ofisi moja, wanabadilishana majina na namba za makontena. Wazo ni zuri mno, kwa sababu majangili walianza kuvuka mipaka bila pasipoti muda mrefu kabla yetu. Tatizo ni kwamba kikosi hicho hakishtaki mtu. Kesi inarudi kwenye mahakama ya nchi moja, na mwendesha mashtaka mmoja mwenye mafaili mia mezani.

JINO LIMOJA LINAPOTOA SIRI

Kabla hatujaendelea, kuna kitu cha kisayansi ambacho nadhani wapenda filamu za upelelezi mtakipenda.

Mwaka 2002 kontena lilikamatwa Singapore likiwa na tani 6 na nusu za meno ya tembo. Lilianzia Malawi. Kila mtu akadhani tembo waliuawa sehemu mbalimbali za Afrika. Profesa mmoja Mmarekani, Samuel Wasser, akapima DNA ya yale meno akalinganisha na DNA ya kinyesi cha tembo kutoka mbuga tofauti. Ndiyo, kinyesi! Akagundua wengi walitoka eneo moja, Zambia na jirani zake. Maana yake haikuwa kazi ya watu wanaookotaokota. Ilikuwa oda.

Mwaka 2015 yeye na wenzake wakatoa matokeo mengine yaliyotuchoma sisi Watanzania. Sehemu kubwa ya meno ya tembo wa savana yaliyokamatwa kwa mizigo mikubwa miaka ile ilitoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Ni upande wa Selous ule, ukienda hadi Niassa. Na hesabu ya tembo ikathibitisha. Mwaka 2009 Tanzania tulikuwa na tembo 109,051. Mwaka 2014 wakahesabiwa 43,330. Piga hesabu mwenyewe, wamepungua zaidi ya 65,000 ndani ya miaka 5. Ni kama tembo 36 kila siku iendayo kwa Mungu.

Halafu 2018 wakaja na jambo lingine. Walikuta tembo mmoja, jino la kulia liko kwenye kontena moja, la kushoto liko kwenye kontena lingine lililokamatwa nchi nyingine. Kwa hiyo makontena mawili ambayo polisi walidhani hayahusiani yametoka kwa tajiri mmoja au kundi moja. Kwa njia hiyo wakaona mitandao mikubwa mitatu, wakaitaja kwa miji ya kusafirishia: Mombasa, Entebbe na Lomé kule Togo.

Unaona umuhimu wake? Jino la kushoto liko Asia, la kulia liko Afrika. Kama nchi hizi mbili haziongei, kila moja ina kesi ya mzigo mmoja na dereva mmoja. Zikiongea, zina kesi ya kundi zima.

WAKAPELEKWA NEW YORK

Kesi ya tatu. Februari 2017 Uganda walimkamata Moazu Kromah, raia wa Liberia aliyekuwa akiishi Kampala, na meno ya tembo zaidi ya tani 1. Kesi ikaenda ikirudi. Juni 2019 Uganda ikamkabidhi kwa Wamarekani, akapelekwa New York. Mwenzake Amara Cherif wa Guinea alikamatwa Senegal naye akapelekwa huko huko. Mkenya Mansur Mohamed Surur alikamatwa Julai 2020 uwanja wa ndege wa Mombasa akishuka kutoka Yemen, na mapema 2021 naye akasafirishwa.

Mashtaka yalisema kundi lilihusika na angalau kilo 190 za pembe za faru na angalau tani 10 za meno ya tembo, kutoka nchi za Afrika Mashariki na kwingineko. Pembe zingine zilifichwa ndani ya vinyago. Wote watatu walikiri makosa. Mwaka 2022 Kromah akapewa miezi 63, Cherif miezi 57, Surur miezi 54.

Na mtuhumiwa mwingine wa kundi hilo hilo, Mkenya, alikamatwa Meru Agosti 2022 baada ya Marekani kutangaza zawadi ya hadi dola milioni 1 na raia wa kawaida kutoa taarifa. Raia wa kawaida, wadau. Mtu kama wewe unayesoma hapa.

Hapa mimi nina mawazo mawili yanayogombana, na sitaki kuyaficha.

Wazo la kwanza: safi sana. Nchi nne tano zilishirikiana, ushahidi ulishikamana, watuhumiwa wenyewe wakasema "ndiyo tulifanya." Hakuna faili lililopotea, hakuna shahidi aliyebadilisha maneno.

Wazo la pili: aibu kwetu. Tembo wa kwetu, faru wa kwetu, mtuhumiwa kakamatwa kwetu, halafu kesi inasikilizwa Manhattan? Babu zetu walipigania uhuru ili tuwe na mahakama zetu. Kama kila papa lazima apelekwe Marekani ndiyo haki itendeke, basi siku Wamarekani wakibadilisha vipaumbele, sisi tumekwisha. Serikali ya kule ikibadilika na bajeti inabadilika. Tembo hawezi kuishi kwa kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine.

Angalieni pia zile hukumu. Kromah miezi 63 ni miaka 5 na miezi 3. Huku kwetu kijana wa kijijini akikutwa na kipande cha jino la tembo au nyama ya pori anashtakiwa kwa kumiliki nyara za serikali, na kifungo cha miaka 20 ni jambo la kawaida kabisa. Tani 10, miaka 5. Vipande viwili, miaka 20. Mnaonaje hapo?

Sisemi kijana wa kijijini aachiwe. Nasema kumfunga yeye miaka 20 hakujamtisha tajiri hata kidogo, kwa sababu tajiri hajawahi kumjua kwa jina. Akifungwa huyu kesho anatafutwa mwingine mwenye shida ya ada ya watoto. Kinachomtisha tajiri ni uhakika kwamba akikimbilia nchi yoyote atafuatwa, na pesa zake zitafuatwa.

MNUNUZI NAYE ANA KESI

Kuna watu ukiongelea meno ya tembo wanaanza kutukana Wachina wote. Hiyo si haki na haitusaidii. Tuangalie mambo yalivyo.

Ni kweli mzigo mkubwa ulikuwa unaelekea Asia, na China ndiyo ilikuwa soko kubwa. Ni kweli Februari 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, mama wa Kichina aliyeitwa "Malkia wa Meno ya Tembo," miaka 15 jela pamoja na Watanzania wawili. Kosa lilikuwa biashara ya vipande karibu 800 kati ya 2000 na 2014. Mama huyu alifika Tanzania miaka ya 1970 kama mkalimani wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA. Kiswahili alikijua kuliko baadhi yetu! Reli ile ni alama ya urafiki wetu na China, na huyu alipita humo humo ndani ya urafiki. Lakini aliokuwa nao kizimbani walikuwa Watanzania. Hakuna mgeni anayejua njia za Selous bila mwenyeji.

Upande wa pili, China ilifunga soko lake la ndani la meno ya tembo mwisho wa 2017. Watafiti walikuwa wameshaona bei kule ikishuka, kutoka kama dola 2,100 kwa kilo mwaka 2014 hadi kama dola 730 mwanzoni mwa 2017, wakati serikali yao inajiandaa kufunga. Kwa kijana wa porini maana yake ni hii: tajiri haji tena na fungu lile lile la pesa. Kwa maoni yangu tangazo lile la Beijing lilifanya kazi ambayo bunduki elfu moja za askari wa wanyamapori zisingefanya. Bidhaa bila mnunuzi ni mzigo.

Na China walifuata watu wao pia. Shirika moja la uchunguzi la Uingereza lilitoa ripoti Julai 2017 kuhusu kundi kutoka mji wa Shuidong, wafanyabiashara wa majongoo ya bahari ambao walitumia biashara hiyo kujifichia, Zanzibar na baadaye Pemba ya Msumbiji. Polisi wa China wakavamia mji huo, na Januari 2019 mmoja wa waliotajwa alirudishwa China kutoka Nigeria. Kwa hiyo inawezekana. Zanzibar, Msumbiji, Nigeria, China, mnyororo mmoja. Mkitaka mnaweza.

MJUSI WA KIMBOZA NA MALKIA WA SISIMIZI

Msidhani ni tembo na faru tu. Pale Morogoro kuna msitu mdogo unaitwa Kimboza. Ndani yake kuna mjusi mdogo wa rangi ya bluu inayong'aa, dume lake linapendeza kama kito. Hapatikani kwingine duniani zaidi ya hapo na vipande vichache vya msitu jirani. Kati ya 2004 na 2009 walichukuliwa zaidi ya 30,000 kwa ajili ya watu wa Ulaya na kwingineko wanaofuga mijusi ndani ya vioo. Wakamataji walikuwa wanakata hadi miti ya mkadi anayoishi ili kumfikia.

Huko Ulaya wakati ule mtu akishaingiza mzigo, anauza tangazo likiwa wazi, hakuna wa kumuuliza, kwa sababu mjusi hakuwa kwenye orodha. Baadaye Tanzania na Umoja wa Ulaya wakapeleka ombi la pamoja, na mkutano wa Johannesburg 2016 ukamweka Orodha ya Kwanza. Muuzaji na mnunuzi wakakaa meza moja wakakubaliana. Tungefanya hivyo kwa twiga pia.

Na Mei 2025, mahakama ya Nairobi iliwatoza faini ya shilingi za Kenya milioni 1 kila mmoja vijana wawili wa Ubelgiji waliokamatwa Naivasha na malkia wa sisimizi 5,000. Sisimizi! Wamepangwa kwenye vichupa vyenye pamba, tayari kwa safari. Sisimizi hao hawamo CITES. Kenya iliwabana kwa sheria zake za ndani. Wangefanikiwa kupanda ndege, nani angewauliza huko mbele? Ni hadithi ile ile ya twiga, mwili tu ndio umepungua.

NINI KIFANYIKE?

Nimalizie na maoni yangu, mkubali mkatae.

Moja, tusingoje mnyama abaki mmoja ndiyo tumweke kwenye orodha. Kila aliye kwenye nembo zetu na kila anayepatikana kwetu tu awe ameandikwa. Orodha ya Pili haizuii kuuza. Inamlazimisha anayepokea kuomba kibali.

Mbili, dhamana. Mgeni aliyekamatwa na mzigo wa kuvuka mipaka hawezi kupewa dhamana kama mtu aliyegombana baa. Kesi ya Moshi imetufundisha kwa gharama ya miaka 60 hewa.

Tatu, waendesha mashtaka nao wavuke mipaka. Polisi wetu wanajuana, hilo tumeona Dar 2014. Sasa wanasheria wa Nairobi, Dar, Kampala na Maputo nao waketi kwenye kesi moja tangu siku ya kwanza, kila kielelezo kikihesabiwa na DNA ikipimwa mapema. Hapo hatutahitaji kupeleka mtu Manhattan.

Nne, fuata pesa. Mzigo wa tani 2 haununuliwi na mwenye bodaboda. Kuna akaunti, kuna wakala wa forodha aliyeandika "samaki wakavu" kwenye karatasi, kuna aliyelipwa asifungue kontena. Hao hawajawahi kuingia porini maisha yao yote, na ndio ningependa kuwaona kizimbani.

Tano ni sisi. Kule Meru aliyefanikisha ni mtu aliyeona na akasema. Mitandaoni siku hizi unaona mtu anauza kobe, kasuku, vinyonga, picha na namba ya simu juu. Wengi wetu tunapita tu tukiandika "bei?" kwa utani. Kwa mwenzetu wa kijijini kipande kimoja ni miaka 20. Kwa tajiri ni faida ya Ijumaa.

Serikali ina mkono mrefu, wazee walisema. Ni mrefu kweli, ila unafika mpakani tu, na pale ndipo mkono wa jirani unatakiwa uwe umenyooshwa tayari. Swali langu kwenu: zile kesi za New York, mnaona ni ushindi wetu au ni aibu yetu? Na Tanzania ilikuwa sahihi kupinga twiga kulindwa? Mwageni hoja, matusi pembeni.